Bati Tupu Halina Rangi

Modeli yangu ya kwanza ya ndege ya bati tupu, yaani ndege isiyopakwa rangi, ilifanana na geti. Nilikuwa nimenunua kopo la rangi ya fedha ya kupuliza kwenye duka la hadiwea hapa Kisumu, ileile inayopakwa mageti, madirisha ya vyuma na stendi za matangi ya maji, nikaipuliza Mustang, ndege ya kivita ya Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia, ya plastiki na ya skeli ya 1:72 (yaani ndogo mara 72 kuliko halisi), kuanzia pua hadi mkia. Ilipokauka niliipandisha juu ya kabati kwa fahari. Mpwa wangu wa miaka tisa aliizunguka, akaipapasa, kisha akauliza kwa adabu zote: "Anko, hii ni ndege ya simiti?"

Mtoto aliona sawa. Ilikuwa ya kijivu, imepoa, haina uhai. Wala kosa halikuwa la kopo. Hata ningetumia rangi ya fedha ya bei mara kumi, ningepata simiti ya bei mara kumi, kwa sababu nilianza na dhana kwamba fedha ni rangi kama nyekundu au kijani: chagua kopo, paka, maliza. Bati tupu halina rangi. Lina uso, na uso huo huazima rangi ya chochote kilicho mbele yake. Ndiyo maana anayetaka modeli yake ionekane kama alumini halisi hutumia siku nyingi akihangaika na msasa, na dakika chache tu akipuliza.

Somo la sufuria

Nenda soko la Kibuye, usimame mbele ya mtu anayeuza sufuria mpya. Usianze na bei. Tazama ubavu wa sufuria moja kubwa. Juu umebeba weupe wa anga. Chini kuna utepe mweusi, ambao ni kivuli cha meza. Katikati kuna doa jekundu, nalo ni mwavuli wa jirani. Sogea hatua mbili na doa linahama nawe. Sasa tazama kifuniko. Hicho huundwa kikizungushwa kwenye mashine, na mikwaruzo myembamba ya duara hubaki usoni. Ndiyo sababu mwanga juu yake hukaa kama mapanga ya feni, na mapanga hayo huzunguka ukizunguka wewe. Ubavu na kifuniko ni alumini ileile, lakini jicho linaona vitu viwili.

Alumini safi hurudisha karibu asilimia 90 ya mwanga unaoonekana. Cha kuuliza ni inaurudishaje. Uso ukiwa laini kabisa, mwanga hutoka ukielekea upande mmoja, nasi tunaona kioo. Ukiwa na mikwaruzo iliyolala upande mmoja, mwanga hutawanyika kwa kuikingama mikwaruzo hiyo, nasi tunaona mng'ao wa hariri. Ukiwa na vishimo na vinundu ovyo, mwanga husambaa kila upande, na hapo ndipo kijivu cha geti huzaliwa. Rangi ya hadiwea ina chembe bapa za alumini halisi ndani yake. Shida ni kwamba kila chembe imelala kivyake, moja imetazama dari, nyingine mlango. Alumini ipo, mpangilio haupo.

Ndege yenyewe ilikuwaje

Watu wengi huiga kitu ambacho hakikuwahi kuwepo. Wameona video za maonyesho ya ndege, Mustang iliyokarabatiwa na tajiri fulani inang'aa kama kijiko cha arusi, wakadhani ndivyo zilivyokuwa vitani. Jeshi la anga la Marekani liliacha kupaka ndege zake nyingi rangi za kujificha mwanzoni mwa 1944. Rangi iliongeza uzito, ilichelewesha kiwanda, na kufikia wakati huo haja ya kujificha ilikuwa imepungua. Ndege zilitoka kiwandani na bati lake, zikakaa nje kwenye mvua na vumbi, zikakanyagwa na mafundi wenye buti zenye mafuta. Hakuna aliyekuwa na wiki mbili za kuing'arisha moja. Zilikuwa na mng'ao wa sufuria ya mwaka mmoja.

Bati lenyewe lina hadithi yake. Alumini tupu hustahimili kutu kwa sababu hujifunika haraka kwa utando mwembamba wa oksaidi, lakini ni laini mno kubeba mzigo wa ndege. Ukiichanganya na shaba na madini mengine inapata nguvu, lakini huanza kuliwa na kutu. Miaka ya 1920 Wamarekani walipata suluhisho waliloliita Alclad: bamba la aloi ngumu katikati, limevikwa alumini safi kila upande, kama kipande cha mkate kilichopakwa siagi juu na chini. Siagi hiyo ni nyembamba sana, na anayesugua kupita kiasi huikwangua akafika kwenye mkate. Jina hilo liliazimwa baadaye na watengenezaji wa rangi za modeli, kwa hiyo ukisikia mtu wa modeli akisema Alclad, pengine anazungumzia chupa.

Jambo la pili ambalo huwaponyoka wengi: ndege ya bati tupu haikuwa bati tupu kote. Mustang ndiyo mfano mzuri kuliko yote. Mabawa yake yaliundwa ili hewa iteleze juu yake bila kuvurugika, na kichwa kidogo tu cha riveti, ile pini ya kuunganishia mabamba, kingeharibu hesabu hiyo. Kwa hiyo kiwandani mistari ya maungio na riveti za sehemu ya mbele ya bawa zilijazwa fila, zikasuguliwa zikawa sawa, kisha bawa likapakwa rangi ya fedha. Kiwiliwili kilibaki bati. Maana yake, anayechonga kwa bidii riveti mia kadhaa juu ya bawa la Mustang anafanya kazi ambayo kiwanda kililipa watu kuificha. Na maana yake nyingine, ambayo ilinichekesha nilipoijua: rangi yangu ya geti ingefaa kabisa kwenye mabawa. Ningeharibu kiwiliwili tu.

Dakota, yaani DC-3, ambayo East African Airways iliirusha kwa miaka mingi, nayo ina mchanganyiko wake. Usukani wa mkia na vibawa vinavyochezacheza nyuma ya mabawa vilikuwa fremu za metali zilizovishwa kitambaa, na kitambaa kilipakwa rangi ya fedha ili kisioze kwa jua. Kitambaa hakiwezi kumeremeta kama bati hata ukipake nini. Ukiacha tofauti hiyo ionekane kwenye modeli, hata mtu asiyejua lolote kuhusu ndege atahisi kuna ukweli fulani pale. Mbele ya kioo cha rubani, pua nayo mara nyingi ilipakwa rangi nzito isiyong'aa, kijani iliyokolea au nyeusi, kwa sababu bati linalomrudishia rubani jua la saa saba machoni ni adui.

Na sisi wa Kisumu tuna mtihani wetu. Miaka ya 1930 ndege za majini za Imperial Airways zilikuwa zikitua hapa ziwani zikielekea kusini mwa Afrika, na picha zake za nyeusi na nyeupe zinavutia mtu kuzijenga. Picha kama hizo hazikuambii kama unaona bati au rangi ya fedha, na ndege inayolala majini ina kila sababu ya kupakwa kinga. Tazama mwanga unavyokatika juu ya mwili. Kama mabamba mawili yaliyopakana yana vivuli tofauti, hilo ni bati. Kama mng'ao unateremka mfululizo bila kukatika popote, shuku rangi.

Hesabu ya kupunguza

Skeli ndiyo hakimu mkali kuliko wote. Kwenye 1:72, kila kitu ulichonacho mkononi kizidishe mara 72 ndipo ujue kingekuwa na ukubwa gani kwenye ndege halisi. Unywele wa milimita 0.07 ulionaswa chini ya rangi unakuwa kamba ya milimita 5, nene kama ya kuanikia nguo. Mkwaruzo wa msasa wenye upana wa milimita 0.05 unakuwa mfereji wa zaidi ya milimita tatu na nusu. Chembe ya alumini ya mikroni 20, iliyo ya kawaida kabisa kwenye rangi ya fedha ya magari, inakuwa kigae cha karibu milimita moja na nusu, na hapo bati lako linaonekana limemwagiwa chenga za chupa. Kwa hiyo rangi nzuri ya gari, ile inayopendeza kwenye Probox, haifai kwa ndege ndogo, isipokuwa kwa sehemu kama yale mabawa yaliyopakwa.

Halafu kuna wadudu wa ziwani. Jioni moja nilikuwa nimepuliza rangi nyeusi ya kung'aa, nikaacha dirisha wazi na taa imewashwa. Mwenyeji yeyote wa hapa anajua kilichofuata. Mdudu wa milimita tano aliyekwama katikati ya bawa ni sawa na kuku aliyelala juu ya ndege halisi, na kuku huyo hatoki bila kuondoka na rangi.

Kazi iliyo chini ya rangi

Aliyenifungua macho hakuwa mtu wa modeli. Ni mzee mmoja anayepuliza magari kwenye gereji ya jua kali, mtu ambaye kila kijana pale humwita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo. Nilimpelekea ile ndege ya simiti nikitaka aniuzie rangi bora. Aliigeuza kwenye jua mara moja tu, akacheka. "Kijana, rangi ya fedha haifichi. Rangi ya fedha inashtaki."

Alimaanisha kwamba nyeupe au kijani isiyong'aa husamehe. Fedha hutangaza kila mshono, kila alama ya tupa, kila mahali gundi ilipofura. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na kwenye modeli ya bati tupu uundaji huo wote hufanyika kabla ya tone la kwanza la rangi.

Mishono ya nusu mbili za kiwiliwili ijaze. Mimi hutumia supaglu badala ya fila, kwa sababu fila nyingi hunyonya rangi na kuacha mstari hafifu ambao huonekana tu ukishapaka fedha. Supaglu isuguliwe siku ileile. Ikilala huwa ngumu kuliko plastiki, nawe utakwangua plastiki pembeni yake ukaacha kilima. Anza na msasa wa maji wa 400, kisha 600, 1000, 2000, kila mara kwa maji yenye tone la sabuni, na kila hatua isugue ukikingama ile iliyotangulia ili uone mikwaruzo ya zamani ikiisha. Usiruke hatua. Msasa wa 2000 hauwezi kufuta kazi ya 400 hata ukikesha.

Baada ya hapo watu wa ng'ambo hutumia vitambaa maalumu vya kung'arishia vinavyofika namba 12000. Mimi huenda kwa mama mmoja mwenye kibanda cha kucha karibu na stendi ya mabasi, nikanunua tupa zile zenye pande nne, kijivu hadi nyeupe. Upande wa mwisho, ule laini kama ngozi, huifanya plastiki ya kijivu iakisi taa. Ikiakisi taa kabla ya rangi, itaakisi baada ya rangi. Yule mama alidhani nina mchumba anayenituma. Sikumsahihisha.

Osha modeli kwa sabuni ya vyombo, ikauke, na kuanzia hapo ishike kwa glovu. Mafuta ya kidole hayaonekani kwenye plastiki, lakini chini ya fedha alama yote ya dole gumba hujitokeza kama kwenye kitambulisho.

Njia ya kupuliza

Kuna njia mbili kubwa, kupuliza na kuvisha foili, na wenye mapenzi na modeli wamebishana kuzihusu kwa miongo. Nianze na ile inayotumiwa na wengi.

Rangi za metali za modeli, hasa zile za laka kama Alclad II, zina chembe ndogo mno za alumini katika kimiminika chepesi kama maji. Kwa kuwa tabaka lake ni jembamba sana, mwanga hupenya kiasi fulani ukafika chini. Chini kukiwa na kijivu au nyeupe isiyong'aa, mwanga huo hurudi umetawanyika na kufifisha kila kitu. Chini kukiwa na nyeusi inayong'aa kama kioo, mwanga uliopenya humezwa, unabaki ule uliorudishwa na chembe zenyewe, nazo chembe hulala bapa kwa sababu kitanda chake ni laini. Ndiyo siri yote ya praima nyeusi, ile rangi ya msingi inayotangulia. Kwa rangi za mng'ao mkali kabisa nyeusi hiyo ni lazima; kwa zile zilizopoa kidogo, kijivu laini inatosha, na wakati mwingine inapendeza zaidi kwa ndege ya vitani.

Nyeusi ikauke kabisa. Sisemi ikauke kwa kuguswa. Enameli nyeusi inaweza kuhitaji siku kadhaa, na ukiiwahi, thina kali ya laka itaingia chini yake na uso wote upasuke mistari kama tope la Nyando wakati wa kiangazi. Nimefanya kosa hilo mara mbili. Mara ya pili nilikuwa najua kabisa nafanya nini, ila mgeni alikuwa anakuja na nilitaka kumwonyesha.

Metali yenyewe hupulizwa kwa presha ndogo, kati ya psi 12 na 15, brashi ya hewa (kalamu ndogo ya kupulizia rangi) ikiwa karibu, matabaka membamba yasiyolowesha uso. Ukiona uso umelowa, umeshachelewa. Acha kupuliza mara tu nyeusi inapopotea, kwa sababu kila tabaka linaloongezwa baada ya hapo huzirundika chembe ovyo na kukurudisha kwenye simiti.

Hali ya hewa ya hapa nayo ina usemi. Thina inapovukiza huchukua joto, uso unapoa ghafla, na hewa ikiwa na unyevu mwingi unyevu huo hugeuka maji juu ya rangi mbichi na kuacha ukungu mweupe. Aprili, mvua inapotishia kila alasiri, mimi hupuliza kati ya saa tano na saa nane za mchana, kivulini, na kompresa ikiwa na chujio la maji. Nakuru kuna ubaridi zaidi lakini hewa ni kavu kiasi. Rafiki yangu wa huko hulalamikia vumbi badala ya ukungu. Kila mtu na msalaba wake.

Kuzipata rangi hizi ni kisa kingine. Zinashika moto, hivyo hazisafirishwi kwa ndege kama kifurushi cha kawaida. Ama umtume mtu Nairobi na kuomba Mungu duka liwe nazo, ama utumie rangi za metali za akriliki zenye asili ya maji, kama Vallejo Metal Color, ambazo husafirishwa bila matata. Hazifikii mng'ao wa laka, kwa maoni yangu, lakini kwa ndege iliyochoka kazini ni nzuri ajabu, na nyumba hainuki.

Njia ya kuvisha

Hii ndiyo njia niipendayo, nami nakiri upendeleo wangu mapema. Foili ya jikoni ni alumini halisi. Haihitaji kuiga alumini.

Hesabu yake inafurahisha. Foili ya kawaida ina unene wa mikroni 16 hivi. Zidisha mara 72: milimita 1.15. Mabamba ya ndege nyingi za zama zile yalikuwa kati ya nusu milimita na milimita moja na nusu. Yaani foili ya kufungia kuku ina unene unaokaribiana na bati la ndege kwenye skeli hiyo, jambo ambalo hakuna aliyelipanga.

Foili ina pande mbili, wa kung'aa na wa kufifia, na sababu yake ni ya kiwandani: mara ya mwisho inapopitishwa kwenye rola hupitishwa karatasi mbili pamoja. Upande uliogusa rola hung'aa, upande uliogusana na mwenzake hufifia. Tayari una bati la aina mbili kutoka boksi moja. Ukitaka la tatu, chukua steelwool ya kusugulia sufuria, laini kabisa, uisugue foili kwa upole kuelekea upande mmoja. Ukitaka la nne, ichemshe. Kila mtu anajua ndani ya sufuria ya kuchemshia mayai huwa jeusi. Maji yenye madini na joto huubadilisha utando wa oksaidi ukawa mweusi mweusi. Vipande vya foili vilivyochemshwa kwa dakika tofauti vitakupa vivuli vya kijivu ambavyo hakuna chupa inayovijua.

Kuvisha ni hivi. Kata kipande kikubwa kidogo kuliko bamba unalotaka. Nyuma yake pakaza gundi maalumu ya foili, ile ya Microscale ni ya maji na haina shida ya usafiri. Subiri weupe wake upotee na ibaki inanata. Laza foili, uikandamize kutoka katikati kwenda nje kwa kijiti cha pamba, kisha kwa ncha butu ya kijiti cha meno, hadi mistari ya maungio na riveti zijitokeze zenyewe kupitia foili. Wakati huo ndipo unapoelewa kwa nini kuna watu waliofanya hivi maisha yao yote. Kata ukifuata mstari kwa wembe mpya. Duka la dawa huuza wembe wa upasuaji mmoja mmoja kwa bei ya chai, na foili haisamehe wembe butu hata kidogo, huchanika badala ya kukatika. Bandua ziada. Bamba linalofuata, geuza foili robo mzunguko.

Mzunguko huo wa robo ndio moyo wa jambo. Bati huviringishwa kiwandani kati ya rola na kubaki na nyuzi za mwelekeo mmoja, kama mbao. Kwenye ndege halisi mabamba hukatwa ili kuokoa bati, nyuzi za hili zikienda mbele na nyuma, za lile juu na chini. Ndiyo maana mabamba mawili ya aloi moja, ya siku moja, huonekana moja jeupe na jingine jeusi, na ukizunguka ndege yanabadilishana. Rangi ya kupuliza haiwezi kubadilishana. Anayepuliza hufunika mabamba kwa mkanda wa karatasi na kuyapa vivuli tofauti, alumini hapa, iliyokolea kidogo pale, na kwenye picha inapendeza sana, lakini bamba jeusi linabaki jeusi popote unaposimama. (Akifunika, kwanza aubandike mkanda kwenye ngozi ya mkono ili upunguze kunata, la sivyo utaondoka na fedha yote.)

Udhaifu wa foili uko mahali uso unapopinda pande mbili kwa pamoja: pua, kofia ya injini, ncha za mabawa. Foili haivutiki, ukilazimisha inakunjamana kama sanda. Hapo watu hukata vipande vyembamba kama vya tikiti maji, au hukubali kushindwa na kupuliza sehemu hiyo tu. Mimi ni wa kundi la pili. Kupuliza karibu na foili huhitaji kulinganisha mng'ao, na hulinganishwa kwa kuifubaza foili. Kuing'arisha rangi ifikie foili sijaona ikiwezekana.

Sehemu za moto

Kuhusu mabomba ya moshi na mikia ya ndege za jeti, mwalimu yuko kila kona. Tazama eksozi ya bodaboda pale inapotoka kwenye injini. Kuna rangi ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha bluu, zikifuatana kulingana na joto. Hakuna aliyezipaka. Ni utando wa oksaidi unaonenepa kadiri chuma kinavyopata moto, na unene wake ndio unaoamua rangi gani ya mwanga irudi. Nyuma ya F-100 Super Sabre palikuwa hivyohivyo kwa ukubwa wa gari. Kwenye modeli huigwa kwa rangi angavu za wino, bluu na kahawia, zilizozimuliwa sana na kupulizwa kama pumzi. Watu huzidisha. Ukiitazama bodaboda kwanza hutazidisha. Kwa chuma cha kijivu kizito kinachozunguka mabomba, saga risasi ya penseli laini, uipake kwa kidole; ndiyo kazi rahisi kuliko zote kwenye makala hii.

Stika na vanishi

Mwishoni ndipo wengi huharibu walichokwisha kupata. Stika za maji, zile nyota na namba, zina utando angavu unaozizunguka, na juu ya bati utando huo huonekana kama doa la mafuta. Ukate karibu kabisa na mchoro, na utumie dawa ya kulainishia ili hewa isinaswe chini yake. Halafu jicho linakudanganya kwamba lazima ufunike kila kitu kwa vanishi, kama ulivyozoea kwenye modeli nyingine. Vanishi juu ya metali huweka tabaka jingine linalorudisha mwanga kivyake, na zile chembe zilizolala vizuri hufifia. Kwa rangi za mng'ao mkali, acha. Paka vanishi juu ya stika zenyewe tu ikibidi, au juu ya sehemu zilizokuwa na rangi kwenye ndege halisi. Kwa mistari ya maungio tumia kijivu kilichokolea cha rangi ya maji, kamwe si nyeusi. Nyeusi huifanya ndege ionekane imeshonwa kwa uzi.

Mustang ya simiti niliiloweka, nikaivua rangi, nikaanza upya. Mabawa nimeyapaka fedha, kama kiwanda kilivyofanya, baada ya kuzijaza zile riveti. Kiwiliwili kina mabamba ya foili ishirini na tatu upande wa kulia, mawili kati yake yamechemshwa. Mpwa wangu ameishika mara moja, akaielekeza dirishani, akaanza kuigeuza polepole bila kusema kitu, akilitazama bamba la mlango wa injini likiwa jeupe, likiwa jeusi, likiwa jeupe. Upande wa kushoto bado ni plastiki. Kuna dole gumba la mtu pale karibu na mkia, na nimemwambia ataliosha mwenyewe.